Sina Mimba, Nina Daftari

Haya wadau, nianze na tangazo ili tusisumbuane mbele ya safari: sina mimba. Sina, wala sifichi kitu chini ya khanga. Hakuna mchumba aliyeleta barua nyumbani, hakuna mahari inayongoja alizeti zivunwe. Nilicho nacho ni kaunta buku ya kwaya tatu, jalada jeusi, pembe zimeshaliwa, imejaa majina ya watu.

Nalazimika kutangaza kwa sababu wiki mbili zilizopita nililisahau daftari hilo mezani, kwenye kile chumba ambacho sisi waandishi wa mikoani tunakiita ofisi. Mwenzangu mmoja akalifungua. Akakuta ukurasa nilioandika hivi: "Lusajo, wa kiume. Tulia, wa kike, kaka yake aitwe Msafiri. Mapacha: wasiwe Kulwa na Doto, kila mtu anafanya hivyo." Akalifunga taratibu, akanitazama tumboni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufika saa kumi jioni habari ilikuwa imeshafika Mandewa, na Jumamosi shangazi akanipigia simu kutoka Ikungi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, ni ya nani?"

"Ni ya nani nini, shangazi?"

"Usinizungushe. Nimeambiwa mpaka majina umeshapanga."

Nikamweleza. Nikamwambia napenda majina tu, kama mtu anavyopenda mpira na hachezi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema neno ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika haya: "Majina ni ya wenye watoto. Wewe ukiyachezea utakosa vyote viwili."

Shangazi yangu namheshimu, na karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye vitunguu vyake. Lakini hapa nakataa.

Najua anakotoka. Kwetu mtoto hatajwi kabla hajafika. Huko vijijini hata soksi hazinunuliwi mapema, na ndugu zetu Waislamu husubiri siku ya saba ndipo mtoto achinjiwe na aitwe. Wanawake wa umri wa shangazi wamezika watoto ambao hawakufikisha siku ya saba, na mtu aliyepita hapo ana haki ya kuogopa kutaja jina la asiyekuwepo. Huo si ujinga na sitaucheka. Ila mimi simtaji mtu. Tumboni hamna mtu. Majina yangu hayamwiti yeyote, yamekaa tu kwenye karatasi kama stempu za yule mjomba aliyekuwa akikusanya stempu, na yeye hakuna aliyemuuliza barua anamtumia nani.

Wanaonikera ni wale tuliosoma nao. Wana digrii, wana simu za bei ya ng'ombe wawili, halafu wananiambia eti hiyo ni hobi ya Kizungu, mwanamke wa Kiafrika hawezi kukaa kupanga majina bila sababu. Sababu! Huyu huyu anayesema hivyo anamjua golikipa wa tatu wa timu ya Uingereza, anajua alizaliwa mji gani na mama yake alitoka nchi gani. Anajua bei ya kila Toyota iliyoshuka bandarini mwezi huu, na hakuna anayemuuliza amenunua lini. Mwanaume akijua kitu kisichomhusu ni ujuzi. Mwanamke akijua, basi kuna kitu tumboni.

Hebu niwaeleze hobi yenyewe ikoje, labda mtaacha kunitazama kiunoni.

Naokota majina. Ile orodha ya wapiga kura inayobandikwa ukutani kabla ya uchaguzi, watu huja kutafuta jina moja, lao, wakaondoka. Mimi nasoma yote, kutoka juu mpaka chini, nimesimama juani. Nasoma orodha za waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Nasoma majina ya kamati kwenye kadi za mchango wa harusi, maana humo utamkuta mweka hazina ana jina ambalo hujalisikia maisha yako yote. Nasikiliza matangazo ya vifo redioni mpaka mwisho, pale wanapotaja wafiwa wa kila mkoa. Nikiwa stendi ya Misuna nangoja basi nasikiliza akina mama wanavyowaita watoto wao. Nikifika nyumbani naandika: jina, nimelisikia wapi, nimeambiwa maana yake nini na nani. Halafu, hapa ndipo utamu ulipo, naanza kuyapanga. Nani awe ndugu ya nani. Jina gani linakaa vizuri mbele ya jina la ukoo lenye silabi nne. Mtoto gani anafaa kuitwa Subira, ukizingatia dada yake anaitwa Vumilia na mama yao amechoka. Usiku umeme ukikatika najikuta nina familia saba za kufikirika, zote zina watoto wenye adabu.

Mtu akiniuliza kuna faida gani, naweza kusema hakuna, napenda tu, na ingetosha. Lakini kwa vile mmetaka ugomvi, ngoja tugombane vizuri.

Nenda shule yoyote ya msingi mkoani kwetu, simama uwanjani, ita "Jumanne!" uone vichwa vingapi vitageuka. Sasa mtu atakwambia Jumanne ni jina la kizembe, mzazi alitazama kalenda akachoka. Si kweli. Mzazi huyo pengine hakuwa na kalenda wala karatasi ya kuandika tarehe. Aliandika siku juu ya mtoto mwenyewe ili isipotee. Ramadhani, Shabani, Rajabu: mwezi umehifadhiwa. Mwajuma, Mwanahamisi: siku imehifadhiwa. Chausiku: hata saa tunayo kwa makadirio. Cheti cha kuzaliwa kipo siku hizi, RITA wapo, lakini kwa bibi na babu zetu wengi rekodi pekee ya kufika kwao duniani ni jina.

Na si siku tu. Masumbuko, Mashaka, Tabu, Shida, Mateso. Mnacheka majina haya, najua, nimewasikia mkicheka kwenye mahafali. Mwanamke anayempa mwanawe jina la Mateso anatoa taarifa. Hana gazeti, hana diwani anayemsikiliza, mume pengine hayupo. Atakalofanya ni kumpa mtoto jina ambalo kila atakayemwita, akiwemo huyo mume, atalazimika kulitamka. Sijui tahariri gani ya mjini imewahi kusomwa mara nyingi hivyo. Au Sikujua, Sijaona, Sikudhani. Hizo ni sentensi kamili. Kuna hadithi nzima kabla ya kila moja, na aliyeijua mara nyingi ameshakufa.

Jina la ukoo wa Mwalimu limetoka kwa viwavijeshi. Nyerere ni hao wadudu kwa Kizanaki. Walivamia mazao kipindi baba yake Mwalimu anazaliwa, karne ya 19, wakabaki kwenye jina. Mwalimu mwenyewe kwanza aliitwa Mugendi, mtembeaji, halafu mganga akashauri abadilishwe, akawa Kambarage, jina la roho wa mvua. Julius alikuja baadaye sana, alipobatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mkubwa. Hebu fikiria. Mtu mmoja, majina matatu, ndani yake kuna balaa la wadudu, kuna mvua, kuna kanisa. Ukiniambia kukusanya vitu kama hivi ni kupoteza muda, naomba unionyeshe wewe muda wako umeuweka wapi.

Wasukuma, ambao siku hizi wamejaa tele Singida na ng'ombe wao, mtoto anayefuata baada ya mapacha wanamwita Shija. Maana yake ukikutana na Shija kwenye basi unajua mama yake aliwahi kubeba wawili kabla yake, na hujamuuliza kitu. Wamang'ati wa huku Hanang na Singida wana utaratibu wao ambao naupenda kuliko wote: jina la kiume huanza na Gida, la kike huanza na Uda. Yule Gidamis Shahanga aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, aliyejua utaratibu huu alijua nusu ya wasifu wake kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Na Wanyakyusa, ah, Wanyakyusa wananitia wivu. Lusajo, baraka. Lusekelo, furaha. Lugano, upendo. Atupele, ametupa. Daftari langu lina kurasa nne za Mbeya na sijawahi kufika Tukuyu.

Kwetu Iramba na Unyaturu kuna kundi jingine linalonifurahisha kwa sababu wenyewe hatulioni. Elibariki. Elifuraha. Elisante. Eli ni Mungu kwa Kiebrania, bariki ni Kiswahili. Walutheri wa Marekani, wale wa Augustana, walifika Iramba miaka ya 1920, na Walutheri wenzetu wa Kilimanjaro na Meru walikuwa na majina ya namna hiyo hiyo. Hakuna Myahudi wa Yerusalemu anayeitwa Elisante. Ni majina ya hapa hapa, nusu yametoka jangwani kwa Musa na nusu yametoka kwenye Kiswahili cha sokoni, na yamekaa vizuri kabisa. Leo Elibariki ni jina la mzee mwenye mashamba, na hakuna anayeona ajabu.

Hapo ndipo ninapogombana na kundi la pili, wale wazalendo wa majina. Hawa hawanishuku mimba. Wao wananiambia daftari langu ni chafu kwa sababu nimechanganya. Kwa nini Lusajo akae ukurasa mmoja na Godlisten? Kwa nini niandike Happiness na Gladness wakati tuna Furaha? Wanataka nitengeneze orodha safi ya majina ya Kiafrika, yasiyoguswa na mkoloni wala Mwarabu.

Nilikuwa kama wao. Nikiwa chuo nilimcheka dada mmoja aitwaye Brightness mpaka akaacha kukaa meza yetu. Bado naona aibu. Kwa sababu nilipomuuliza baadaye sana, akaniambia baba yake hakumaliza darasa la nne, na neno hilo aliliona kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi, akauliza maana yake kwa mwalimu, akalihifadhi miaka miwili akingoja mtoto wa kike. Miaka miwili! Huyo mzee alikuwa na hobi yangu. Tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyemuuliza "ni ya nani".

Halafu tuulizane, usafi huo unaanzia wapi? Ukitoa Godlisten, toa na Yohana. Ukitoa Yohana, toa Juma, maana ni Kiarabu. Ukimtoa Juma nchi hii inabaki na watu wangapi? Mobutu alijaribu. Mwaka 1972 kule Zaire alipiga marufuku majina ya Kikristo, mapadri wakatishiwa kifungo wakithubutu kubatiza mtoto kwa jina la Kizungu, na yeye Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. (Sisi wa Singida tukifika hapo kwenye Kuku tunacheka, na Mungu atusamehe.) Jina lilikuwa la asili kabisa. Nchi ikaliwa vile vile.

Sisemi kila kitu ni sawa. Kuna jambo linaniudhi na nitalisema. Timu yetu. Tulikuwa na Singida United, sawa. Mwaka 2022 tukawa na Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 hao wakaenda zao Manyara, sisi tukaletewa Ihefu kutoka Mbarali, ikabatizwa Singida Black Stars. Ihefu ni jina la bonde, lina maji ndani yake, lina mpunga, lina ndege. Wakalivua wakamvisha mtoto nyota nyeusi. Wale wazalendo wanaonikaba mimi kwa ajili ya Gladness siku hiyo walikuwa uwanjani wamevaa jezi. Tofauti yangu na wao ni ndogo tu: baba wa Brightness alilipenda jina lake. Hili la timu sidhani kama kuna mtu alikaa nalo hata usiku mmoja.

Na hao hao ndio wanaocheka jina Tundu kwa sababu Kiswahili chao cha Dar kinawaletea shimo, wakati Unyaturu hilo ni jina la mtu, basi. Tumewahi kuwa na rais aitwaye Pombe na nchi haikulewa. Novemba 2025 Mwigulu akawa Waziri Mkuu, na ghafla watangazaji waliokuwa wakijikwaa wakajifunza kulitamka. Cheo kikija, ulimi unanyooka. Asiye na cheo, jina lake linachongwa na kila karani. Herufi zetu za "gh" ndizo wahanga wakubwa. Kinyaturu kina sauti hiyo, Mughwai, Mughenyi, koo inakwaruza kidogo na ndio uzuri wake. Karani anayetoka mbali akifika hapo anaona "h" imezidi, anaifuta. Baba mmoja, watoto watatu, tahajia tatu za ukoo. Siku ya mirathi wanaambiwa walete kiapo kwamba wao ni ndugu.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Daftari hili halikuanza na mapenzi ya watoto. Lilianza msibani. Mwaka 2016 bibi yangu, mzaa baba, alifariki kijijini, wilaya ya Ikungi. Mimi ndiye msomi wa familia, nikapewa kalamu niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa kabla ya mazishi. Mstari wa kwanza: jina kamili. Baba mdogo akanitajia jina la ubatizo, akamalizia na la babu. Nikauliza, na jina alilopewa alipozaliwa? Alibatizwa akiwa mtu mzima, lazima aliitwa kitu kabla ya hapo. Baba mdogo akamtazama baba. Baba akamtazama shangazi, huyu huyu wa vitunguu. Watoto saba wa tumbo lake walikuwa pale na hakuna aliyejua. Walimwita mama. Kijiji kilimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, miaka zaidi ya hamsini. Babu alimwita hivyo hivyo. Wakwe zake hawakuruhusiwa hata kulitaja la kwake. Padri alimwita kwa la ubatizo, mara moja kwa wiki.

Swali likazunguka kwenye mikeka ya wanawake mpaka likamfikia kikongwe mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, waliyecheza naye utotoni. Akalitaja. Taratibu tu, kama mtu anayemwita mwenzake asimshtue. Lilikuwa na "gh" ndani yake. Nikaliandika. Aliyesoma wasifu alilisoma bila "h", na kwenye msalaba halikuandikwa kabisa, fundi alisema nafasi haitoshi.

Liko ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Hapa silitaji, ni la kwetu.

Nimelifikiria sana hili tangu siku hiyo. Hakuna aliyemnyang'anya bibi jina lake kwa ubaya. Kuitwa Mama Fulani ni heshima, na najua wanawake ambao ukiwaita kwa majina yao wanaona umewavunjia adabu. Lakini angalia hesabu inavyokwenda. Mwanaume akizaa, jina lake linapanda: linakuwa la pili kwa mwanawe na la tatu kwa mjukuu. Fomu ya NIDA ina nafasi zake tatu, la kwanza, la kati, la ukoo, na kwa wengi wetu hayo mawili ya nyuma ni ya wanaume. Mwanamke akizaa, jina lake linashuka. Linafunikwa na la mtoto. Kizazi kimoja tu kinatosha kulizika, mimi nimeliona likizikwa nikiwa nimeshika kalamu.

Na asiyezaa? Huyo hana la kufunikwa nalo, na watu hawajui wamwiteje. Mimi nina miaka 31. Nikiingia kijijini kuhoji watu, baada ya salamu swali la kwanza huwa "Mama nani?" Nikijibu kwamba si mama nani, nataja jina langu, kunakuwa na kimya kidogo, halafu mtu mwema mmoja anasema "Basi mwandishi." Nimekuwa Mwandishi vijiji vyote vya Ikungi na Mkalama. Wanaposema majina ni ya wenye watoto, wanasema zaidi ya wanavyojua. Kwa mwanamke hapa kwetu jina linaletwa na mtoto. Kabla hajaja unangoja.

Sisi waandishi ndio wabaya zaidi, na najihesabu. Mwaka juzi niliandika makala kuhusu wanawake wanaokamua alizeti. Nilihoji sita. Wanaume wawili waliokuwa wakirekebisha mashine nikawaandika majina matatu matatu, kama hati ya mahakama. Wanawake nikaandika Mama Asha, Mama Eliya, Mama Jumanne, na "mama mwingine mkazi wa kijiji hicho". Mhariri hakugusa kitu. Hakuna msomaji aliyelalamika. Mimi, mwenye daftari la majina elfu moja na mia mbili, niliyekaa nao tangu asubuhi mpaka saa tisa, sikuwauliza wanaitwa nani. Nilirudi baada ya mwezi kuwauliza. Wawili walicheka. Mmoja alifikiri kidogo kwanza.

Marekani idara yao ya hifadhi ya jamii hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto waliozaliwa, na orodha zao zinarudi nyuma mpaka 1880. Mtu yeyote anaweza kukaa akaangalia jina la bibi yake lilipanda lini na kushuka lini. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Singida zaidi ya milioni 2. Tumehesabiwa, mbuzi wamehesabiwa, vyoo vimehesabiwa. Orodha ya tunaitwaje sijawahi kuiona. Marehemu hawatahesabiwa tena. Marguerite Jellicoe alikaa na wanawake wa Unyaturu akaandika kitabu kizima juu ya mabadiliko ya huku, kikatoka 1978, Sharifa Zawawi, mzaliwa wa Zanzibar, akakusanya majina ya Kiswahili na maana zake kwenye kitabu kilichotoka 1993, chenye swali la "Unaitwaje?" juu ya jalada. Najiuliza kama na hao walitazamwa tumboni.

Uwanja wetu wa mpira ulikuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, yule mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapiga Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyuki, jamani. Wengine huandika Leti, hata hilo hatujakubaliana. Kila timu kubwa ya nchi hii imekuja kucheza ndani ya jina la mwanamke huyo. Nimezunguka miaka hii yote na daftari langu, kliniki, mashuleni, makanisani, misikitini, na bado sijakutana na mtoto hata mmoja wa kike aitwaye Liti. Nimempangia kaka tayari, Mughenyi. Wamo familia ya tano.

Kwa hiyo shangazi, nakujibu hapa kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Nikipata mtoto nitamshukuru Mungu na utakuja kumbeba. Nisipopata, daftari litakuwa pale pale na sitalichoma. Na wewe Jumapili ijayo nikija usinipe chai kwanza, niambie jina lako la kuzaliwa, maana nimegundua na lako silijui.

Jana jioni alikuja binamu yangu, mmoja wa waliosambaza habari kwa bidii zaidi. Yeye ndiye mwenye mimba, miezi minane, anahema kama aliyepanda mlima Hanang. Akakaa, akanywa maji, akanyoosha mkono: "Lete hilo daftari lako." Nikampa. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, analowesha kidole, anasoma kwa sauti, mengine ananiuliza maana, mengine anayarudia mara mbili kusikia yanavyokaa mdomoni. Saa nzima na nusu. Nikaona ameshanogewa. Moyo wangu ukaanza kwenda mbio, nikasema leo Lusajo anapata nyumba, au hata Mughenyi.

Akalifunga. Akasema majina ni mazuri sana, kwa kweli, hongera, ila mtoto ataitwa Brayan.

Nikachukua kalamu nikamuuliza inaandikwa na "y" au na "i".